Swali la Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa Nyuki aliniita leo mchana, nikatoka kazini kwa dobi hata aproni sijavua. Nyuki ni binti yetu, ana miaka mitano na miezi miwili. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu hajaanza kutambaa alikuwa akivuma, mdomo umefumba, sauti moja tu isiyopanda wala kushuka.

Nilikuta darasa zima linaimba na kupiga makofi. Wangu alikuwa nyuma ya kabati, uso kauelekeza ukutani, masikio kayaziba kwa mikono.

"Anakaa hapo kila siku, mama," mwalimu akasema. "Nampenda sana huyu mtoto. Ila sijui nimfikie vipi."

Halafu akalitaja lile neno, usonji, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetamka tusi mbele ya wakwe. Akasema muhula ujao watoto wanaingia darasa la kwanza, na Nyuki hawezi kwenda nao bila msaidizi wa kukaa naye, na msaidizi hapatikani bila karatasi ya daktari. Akanishauri niandike kila ninachokiona nyumbani. Nimenunua daftari hili njiani nikirudi.

Nilipiga pasi shuka arobaini na moja jioni hii. Sikumbuki hata moja.

Alhamisi, 7 Machi

Hospitali kubwa wametupa miadi ya Februari mwakani. Karani alinionyesha kalenda kana kwamba mimi ndiye nisiyejua miezi inavyopangana.

Baba Nyuki alikuwa akisema mtoto anachelewa tu, na kwamba yeye mwenyewe hakusema neno la maana mpaka alipooa. Leo alipitia shuleni akitoka bekari. Alirudi hana mzaha. "Tutafute daktari wa binafsi," akasema, akaenda kukoga.

Jumamosi, 9 Machi

Ameuza pikipiki yake. Amenikataza kulizungumza.

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la mama yangu halikumaliza hata saa moja, maji yakamfikia kitandani. Amehamia kwetu mpaka msimu uishe, kaja na sanduku moja na mto wake mwenyewe. Nimempa kitanda kilicho chumbani kwa Nyuki.

Mama si mtu wa maneno mengi. Alimwangalia mjukuu wake akipanga vibanio vya nguo kwa mstari toka mlangoni hadi chini ya meza. Hakumwambia kitu, ila aliuruka ule mstari kwa uangalifu, akainua na gauni lake lisiuguse. Halafu akaenda mlangoni, akafunga komeo.

"Mama, bado mchana," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kwa dobi hakuna kinachokauka. Tumetundika shuka za hoteli ndani, safu kwa safu, tunapita katikati yake tukiwa tumeinama. Mashine ya kukaushia inavuma mchana kutwa. Nilikuwa sijawahi kuisikia inavyovuma.

Ijumaa, 15 Machi

Kliniki iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Viti sita vya plastiki, sanduku la vikaragosi visivyo na vichwa, na zulia ambalo Nyuki alikataa kulikanyaga hata kidogo, ikabidi baba yake ambebe juu juu kama mkungu wa ndizi.

Daktari ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alichuchumaa, lakini hakumsogelea. Alikaa pembeni akiviringisha gari dogo chini, linakwenda, linarudi, mpaka Nyuki akatupa jicho. Kisha akatueleza utaratibu: leo fomu ya historia ya mtoto, baadaye siku ya kumwangalia akicheza, halafu ripoti ya mwalimu, halafu ndipo atasema.

Fomu ina maswali arobaini na mawili. Alikaa lini. Alitembea lini. Maneno yake ya kwanza ni yapi. Nilijibu yote kwa haraka, Baba Nyuki akichungulia begani kwangu na kusahihisha miezi. Nikafika la kumi na saba.

*Je, kuna ndugu wa damu mwenye hali inayofanana na hii, au aliyewahi kuwa nayo?*

Kalamu ilisimama. Baba Nyuki akasema, "Kwetu hakuna. Kwenu je?"

Nikaandika: *Hapana.*

Jumamosi, 16 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu. Basi niandike.

Nilikuwa na kaka. Alinizidi miaka mitatu. Alikuwa akitembea kwa ncha za vidole kama mtu anayepita penye usingizi wa watu. Alikuwa akivuma. Alipofika miaka kumi baba alimjengea chumba cha uani, chenye dirisha dogo juu na komeo upande wa nje, kwa sababu alikuwa anaingia nyumba za watu na kukaa ndani ya mapipa yao ya maji. Majirani walishamrushia mawe mara mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Kuingia, kuweka sahani, kutoka, kufunga.

Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, na wenzangu walikuwa barabarani wanaruka madimbwi, wananiita. Nikaweka sahani, nikatoka mbio. Nilikaa nje kama nusu saa. Niliporudi mlango ulikuwa wazi.

Walimtafuta siku tatu. Mtaro mkubwa nyuma ya mtaa wetu ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Hakikupatikana hata kiatu. Mwezi uliofuata tulihama, na baba akanikalisha chini: "Ukiulizwa, kaka yako alikufa kwa homa." Baba mwenyewe amekwisha kufa, na mpaka anakata roho hakunilaumu kwa neno hata moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Miaka ishirini na saba nimekuwa nautafuta mkono wangu juu ya lile komeo. Naona sahani. Naona mgongo wake. Naona madimbwi. Mkono siuoni.

Mume wangu anajua kaka yangu alikufa kwa homa.

Jumanne, 19 Machi

Nyuki amekula viazi vilivyosagwa. Vyeupe tu, visiwe na chembe ya kijani.

Jumapili, 24 Machi

Nimegombana na mama kuhusu komeo. Kila ninapogeuka amefunga. Akienda chooni, anafunga. Akirudi, anakagua.

"Sitaki mwanangu afungiwe," nikamwambia.

"Sijamfungia. Nimefunga mlango."

"Kwako wewe ni kitu kimoja."

Alinitazama, nikadhani atasema. Sisi wawili hatujawahi kulizungumza. Hata siku moja. Akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Alhamisi, 28 Machi

Leo kazini, kupitia chini ya shuka zilizotundikwa, niliona nyayo mbili zimesimama kwa ncha za vidole. Ndogo. Nikaivuta shuka kwa nguvu mpaka kamba ikakatika, na nguo za wageni thelathini zikaanguka sakafuni. Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na maji tu.

Bosi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi. Tumefua zote upya.

Jumanne, 2 Aprili

Hili nataka niliandike vizuri.

Kuanzia juzi Nyuki amekuwa akipiga ukuta kwa kiganja. Mara mbili, anatulia, mara mbili, anatulia. Akianza ni saa nzima. Leo jioni nilijaribu kumshika mkono, akajitupa chini, akajigonga kichwa, akapiga ukelele hata jirani akaja kuuliza nani anauawa. Baba Nyuki alimchukua, akamweka chini, akamchukua tena. Sote wawili tulikuwa tumeishiwa nguvu.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mwacheni," akasema. Akakaa sakafuni, taratibu, magoti yake yakilia, akaupa ukuta mgongo. Akanyoosha mkono nyuma, akaupiga ukuta kwa kiganja. Mara mbili. Akatulia.

Nyuki akanyamaza.

Mama akarudia. Mara mbili. Na mwanangu, ambaye hata jina lake akiitwa hageuki, akageuka. Akaweka kiganja ukutani, akajibu. Wakaendelea hivyo, bibi na mjukuu, hadi mtoto akapitiwa na usingizi palepale.

"Umejulia wapi hiyo, mama?" Baba Nyuki akauliza. Alikuwa anacheka kwa furaha.

"Watoto huwa wanapenda," mama akasema, na hakuniangalia.

Mimi nilijua kajulia wapi. Nilikuwa nikiisikia nikiwa kitandani, kupitia ukuta wa uani: mara mbili, kimya, mara mbili. Siku zote nilidhani ni kaka peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili anamjibu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Ukuta wa chumba chetu umeota ukungu.

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya kumwangalia Nyuki akicheza. Daktari alikuwa na mapovu ya sabuni, mdoli, vikombe. Alijifanya mdoli kalala. Alijifanya kajikata kidole: "Aii, naumia!" Nyuki hakuinua uso. Aligeuza kikombe juu chini akakizungusha, akakizungusha, akivuma, na nikaona daktari anaandika kila mara kinapozunguka. Baba Nyuki alikuwa akinong'ona, "Mwangalie, mwanangu, mwangalie basi," kama shabiki aliye jukwaani.

Mwishoni daktari akapitia fomu yangu kwa kalamu, swali kwa swali. Alipofika la kumi na saba akasimama kidogo.

"Hakuna kabisa, mama? Hata mjomba, hata binamu? Si kosa la mtu. Hunisaidia tu kuelewa."

"Hakuna," nikasema. Mara ya pili ilitoka laini kuliko ya kwanza.

Nyuki alikuwa amekaa chini ya meza. Nina hakika alinitazama. Hanitazami kamwe, lakini wakati ule alinitazama.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwota kaka. Alikuwa na umri wake uleule, na mimi na umri wangu huu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea.

Jumamosi, 13 Aprili

Wifi alikuja kutuona. Kasema mtoto ana macho ya mtu mzima, tumtafutie mtu wa kumwombea. Baba Nyuki akamwambia dada yake kwa upole kwamba mlango uko kule alikoingilia. Nilicheka mpaka tumbo likauma, kisha nikaona mama hacheki.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia mama tena kuhusu komeo. Safari hii nilisema vibaya. Nilisema, "Umeshamfungia mmoja, inatosha."

Alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama. Kisha akaendelea kumenya, kimoja baada ya kingine, mpaka sufuria ikajaa kuliko tunavyoweza kula.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sitafunga."

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Nguo zangu bado zina maji.

Simu ilikuja kwa dobi saa saba na nusu mchana. Sauti ya mama: "Katoka." Basi. Neno moja tu.

Nilikimbia. Mvua ilikuwa inakuja kwa mshazari, barabara imegeuka mto wa tope. Miguu yangu haikwenda nyumbani. Ilinipeleka moja kwa moja kwenye mtaro ulio nyuma ya soko, bila mimi kuiambia. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yanabeba matawi, chupa, mlango mzima wa banda. Nilisimama ukingoni na kuita. Nilipokuja kujisikia, nilikuwa siiti jina la binti yangu. Nilikuwa naita la kaka.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Mtu mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni alinishika mkono akanirudisha nyuma. "Mama, utaanguka," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba nilikwisha kuanguka kitambo.

Ndipo nikasikia naitwa. Baba Nyuki, kutoka ng'ambo, unga wa bekari umemganda usoni kwa mvua: "Kapatikana! Mama yako kampata!"

Kuna jengo la ghorofa lisilomalizika mtaa wa pili kutoka kwetu, nguzo na sakafu tu. Maji yote ya sakafu ya juu yanashukia pembe moja, kama bomba limefunguliwa. Nyuki alikuwa amesimama chini yake, nguo zote zimemganda mwilini, viganja kavifungua, uso kauinua, anavuma. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Na mama yangu, ana miaka sitini na minane, alikuwa amesimama ndani ya yale maji pamoja naye, kilemba kimemwanguka, kamshika pindo la gauni kwa vidole viwili tu. Hakumvuta. Alikuwa anamngoja amalize.

"Umejuaje yuko huku?" Baba Nyuki akauliza. Alikuwa analia waziwazi.

"Nilifuata sauti ya maji," mama akasema. "Safari hii niliifuata."

Tumemkausha mtoto, amelala. Mume wangu amekwenda kuwashukuru majirani waliotoka kumtafuta. Mama alikuja akakaa hapa mbele yangu, na taulo mabegani.

"Ulifunga," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Ulifunga mlango. Niliusikia mlio wa komeo nikiwa jikoni. Ulifunga kama kawaida yako, kisha ukakimbia kucheza."

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nadhani hata ningemziba mdomo yangetokea penginepo.

"Mvua ilipozidi alianza kupiga ukuta. Sikuweza kumjibu, nilikuwa na chungu motoni. Akapiga, akapiga. Alikuwa anapenda mvua kuliko kitu chochote, nawe unajua, na sisi tulimpa dirisha la kuonea kipande cha mbingu. Nikaenda nikafungua. Nikamkalisha kibarazani. Nikamwambia, kaa hapa uitazame. Nikarudi kugeuza chungu. Kugeuza chungu tu, mwanangu."

Nje mvua ilikuwa imepungua, nikawa nasikia matone ya paa moja moja.

"Baba yako aliporudi akauliza nani kafungua. Wewe ukasema, mimi ndiye niliyepeleka chakula. Ulikuwa umesimama pale na magoti yana tope. Akakuangalia wewe. Na mimi nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilijua wewe atakusamehe. Mimi asingenisamehe. Nikasema nitamweleza kesho, akishatulia." Alikunja taulo, akalikunjua. "Kesho yenyewe ndiyo leo."

Nilimuuliza kama alijua kwamba miaka yote hii nilikuwa najilaumu mimi.

"Nilijua," akasema.

Jumamosi, 20 Aprili

Sina la kuandika.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Sijazungumza na mama.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimemwambia Baba Nyuki yote, toka sahani hadi chungu. Tulikuwa tumesimama foleni dukani, mahali pa ajabu pa kusemea jambo kama hilo, lakini nyumbani kuta zetu ni nyembamba. Alisikiliza mpaka zamu yetu ikapita, na ya waliokuwa nyuma yetu.

"Kwa hiyo kwenye fomu tulidanganya," akasema.

"Nilidanganya."

"Tulidanganya. Mimi nilikuwa nimechungulia."

Halafu akaniuliza kama ninamchukia mama. Nikasema ndiyo. Akasema kila nikiwa kazini mama anakaa na Nyuki kwenye kibaraza, mvua ikinyesha, kampa kamba ya nguo aishike upande mmoja na yeye kashika mwingine. Mlango uko wazi. Kamba tu. Mtoto anatazama mvua mpaka anachoka, anarudi ndani mwenyewe.

Nimechukia zaidi. Kwa nini kamba haikuwepo wakati ule? Lakini najua jibu. Wakati ule hakuwepo mtu hata mmoja wa kumsaidia kuwaza.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwota kaka tena. Safari hii mlango ulikuwa umefungwa, na mkono wangu nimeuona.

Sikupata ahueni niliyoitegemea. Niliamka nikiwa nimekasirika kwa niaba ya yule msichana wa miaka tisa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpokea mzigo wake.

Jumatano, 8 Mei

Nimempigia daktari simu kumwambia kwamba swali la kumi na saba lina jibu jingine. Hakushangaa. Akauliza kama kuna aliye hai anayemkumbuka vizuri huyo ndugu.

Jioni nikamwambia mama, maneno yangu ya kwanza kwake baada ya siku kumi na nane na ushei: "Jumanne tunakwenda kliniki. Daktari anataka kukuuliza habari za kaka."

Alifungua sanduku lake, akatazama ndani. Kisha akauliza, "Nivae nini?"

Jumanne, 14 Mei

Alivaa gauni lake la bluu, lile la msiba wa baba. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, na mimi ninayeishi kwa pasi sikuona kosa.

Daktari alianza na Nyuki. Alikuwa na ripoti ya kurasa kumi na moja, lakini hakutusomea. Aliiweka mezani, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Binti yenu ana usonji. Sina shaka." Baba Nyuki akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Akauliza utaondoka lini. Daktari akasema hauondoki, kwamba si homa, ndivyo alivyo, na kwamba kazi yetu ni kumjengea njia za kutufikia, na sisi za kumfikia. Akasema kuhusu mtaalamu wa usemi, kuhusu barua ya shule na msaidizi, kuhusu kelele na masikio yake. Akasema pia kwamba kupiga ukuta na kujibiwa ni mazungumzo, tusikubali mtu atuambie vingine.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilihisi kama nimeweka chini ndoo ambayo mkono ulikwisha kufa ganzi kuibeba, na sasa damu inarudi, na kurudi kwake kunauma.

Kisha akamgeukia mama. "Bibi, niambie kuhusu mwanao."

Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nianzie wapi, daktari?"

"Alikaa lini?"

"Miezi saba na siku nne," mama akasema.

Daktari akainua uso. Mama akaendelea. Alitembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja, uani, akimfuata kuku mweupe. Hakupenda sufu. Alikuwa hali kitu kilichogusana na kingine. Akiumia hakulia, akisikia mtoto mwingine analia ndipo alilia. Alikuwa akizijua nyayo za kila mtu wa nyumba, na baba akikaribia alijificha kabla ya sisi kusikia chochote. Aliyataja yote hayo pasipo kusitasita, pasipo kutafuta, na mwezi na siku zake. Nikaelewa kwamba alikuwa nayo yamepangwa kichwani miaka yote, tayari, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Mhudumu akabisha kusema kuna wagonjwa wengine. Daktari akamwambia wangoje.

"Na yeye alikuwa na huu huu usonji?" mama akauliza.

"Siwezi kumpa jina la hali mtu ambaye sijamwona, bibi. Ila nikisikia unavyosema, kama angeletwa kwangu, ningetaka sana kumwangalia."

"Kwa hiyo sikumzaa vibaya."

"Hapana, bibi."

Mama akafungua mkoba, akaufunga. "Na maneno?" daktari akauliza taratibu. "Alikuwa na maneno?"

"Manne," mama akasema. "Maji. Hapana. Taa. Na la nne lilikuwa la kumwita huyu." Akanionyesha kwa kidevu, bila kugeuka. "Mdogo wake. Alikuwa hawezi kulitamka lote, alikuwa anakata nusu ya mwisho. Akisikia sahani inakuja, alikuwa analisema mlangoni."

Baba Nyuki alinishika mkono. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama.

Alhamisi, 23 Mei

Barua imepelekwa shuleni. Mwalimu ameisoma mbele yangu, akaikunja vizuri, akasema ana mtu anayemfikiria kwa kazi ya usaidizi, mpole, sauti yake ya chini. Nyuki alikuwa nyuma ya kabati. Mwalimu alikwenda akakaa sakafuni upande wa pili, akagonga mbao kwa kiganja, mara mbili. Hakujibiwa. Akasema atajaribu tena kesho.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekwisha. Mafundi wamemaliza paa, mama anarudi kwake Jumamosi. Bado sijui nimsamehe vipi, wala kama ataniomba. Jana tulikunja shuka pamoja, yeye huku, mimi kule, tukakutana katikati, tukarudi nyuma, hatukusemezana, na hatukukosea hata pindo moja.

Leo nimemuuliza alikuwa anasemaje hasa, pale mlangoni. Amenitamkia. Ni nusu ya jina langu, kama alivyoeleza, mwisho wake umekatika.

Nimetoka nje nikakaa juani, nikalisema kimoyomoyo mara nyingi, kwa sauti nene, kwa sauti nyembamba, kwa sauti ya mtoto. Nakumbuka sahani zile. Nakumbuka rangi ya mlango, na tundu la msumari lililokuwa usawa wa macho yangu. Basi lazima nilimsikia, kila mchana, miaka miwili mizima, akiniita.

Nimeshinda nikiitafuta hiyo sauti. Siikumbuki.